Programu Isiyoruhusiwa Kufa Chafu

Haya nilisimuliwa juzi na mjukuu wangu, fundi wa programu, alipokuwa akinisuka, naye hadanganyi akiwa ameshika kichwa cha mtu.

Mkurugenzi wao aliwakusanya watu ukumbini akatangaza enzi mpya ya ustaarabu. Hakuna programu itakayokufa kabla ya kurudisha kumbukumbu yote, yaani nafasi ya kufanyia kazi, iliyoazima kwa kompyuta, kipande kwa kipande, na kwa kila kipande iseme asante. Vipande vikubwa virudishwe mara mbili, kwa msisitizo.

"Bosi," fundi akasema, "ikipata kosa la kufisha, tuiache ife. Kompyuta yenyewe hufagia nyuma yake, kisha tunaiwasha upya."

"Binti yangu, kwenu mgeni huondoka bila kutandika kitanda?"

"Akiondoka kwa jeneza, ndiyo, bosi."

Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Akasema programu ikifa chafu, aliyeiua atafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Fundi ndiyo kwanza kaajiriwa, na nyumba nzima inamtazama yeye. Akafyata ulimi, akaandika kama alivyoagizwa.

Programu ya kwanza kupewa heshima hiyo ilikuwa ile inayofungua mlango wa mkurugenzi. Sisi wengine milango yetu ina komeo tu. Mchana ikapata kosa la kufisha, mlango ukagoma mkurugenzi akiwa ndani, usafi ukaanza. Spika ya ukutani ikawa inasema, "Kipande kimerudi, asante. Kipande kimerudi, asante." Ikafika kwenye kipande kikubwa, ikakirudisha mara ya pili. Sasa, kurudisha ulichokwisha kurudisha nalo ni kosa la kufisha, na kosa la kufisha lazima lifuatwe na usafi. Ikaanza upya.

Mkurugenzi akagonga kwa ndani. "Iue hiyo!"

"Itakufa chafu, bosi."

"Ife hata na matope!"

"Basi niseme kaiua nani?"

Naibu wa mkurugenzi, mtu aliyekimezea mate kiti chake miaka mingi, akasogeza mdomo mlangoni kwa upole.

"Sema tu ni amri yako, mkuu. Mashahidi tupo."

Ndani, mkurugenzi akatafakari sana maana ya ustaarabu.

"Iacheni imalize," akasema.

Saa za kazi zikaisha. Fundi akaaga kwa adabu, akaenda nyumbani, kazi yake bado anayo. Mkurugenzi akavua viatu, akajinyoosha juu ya meza. Kila asante akaiitikia, "Karibu," maana alikuwa mstaarabu, sauti yake ikizidi kufifia kwa usingizi, mpaka ikaja asante moja ambayo hakuiitikia.