Faili Moja la Kweli

Watu walimwita Dokta, na yeye hakuwahi kumkatalia mtu. Udaktari wenyewe aliupata wapi, hakuna aliyejua. Wengine walisema ni wa binadamu, wengine wa mifugo, na mkewe wa zamani alisema mgonjwa wake wa kwanza ilikuwa ndoa yao, na haikupona. Alikuwa na suti moja ya kijivu, miwani ya vioo vitupu, na sauti ya kushuka taratibu kama ya mtu anayesoma wosia.

Jumatatu moja asubuhi alikuwa kwenye duka la fotokopi, akisubiri kutoa nakala ya cheti kisichokuwa chake, macho yake yakatua ukutani. Palikuwa na matangazo mawili yaliyobandikwa jirani. La kwanza lilitoka chuo kikuu: wanapokea maombi ya shahada ya uzamili ya ukutubi, yaani elimu ya kuendesha maktaba, masomo Ijumaa na Jumamosi, mwisho wa kuomba ni baada ya wiki sita. La pili lilitoka manispaa: Mkutubi Mkuu anastaafu mwisho wa mwaka, na atakayeshika nafasi yake awe na shahada hiyo, au angalau awe amekubaliwa kuisomea. Kazi ina nyumba, gari na dereva.

Waliopita pale waliona matangazo mawili. Dokta aliona daraja, na yeye mwenyewe kasimama katikati yake akikata tiketi. Kufika saa sita mchana alikuwa tayari mjumbe wa kamati ya udahili ya chuo kikuu. Hakuna nafasi inayojazwa haraka kama ya kujiteua.

Mtu wa kwanza Dokta kumwendea alikuwa Mwuza Makochi, mwenye duka kubwa la fanicha pale kona. Huyu bwana alikuwa na mali ya kutosha, ila wakweze bado walimwita fundi, na jina hilo lilimchoma. Alitaka ofisi yenye mlango na mtu wa kukaa nje ya mlango. Dokta alimweleza, kwa siri inayosikika hadi barabarani, kwamba nafasi moja ya ukutubi imebaki mikononi mwake. Mwuza Makochi akakiri ana wasiwasi mmoja. Ana digrii ya biashara ya zamani, lakini tangu aipate hajamaliza kitabu hata kimoja.

"Umeuza vitanda vingapi maishani?" Dokta akamuuliza.

"Hata sikumbuki."

"Umelala kwenye vingapi?"

Mwuza Makochi akafikiri. "Kimoja."

"Basi. Na vitabu ni hivyo hivyo."

Kabla ya magharibi, seti nzima ya makochi ya ngozi ilikuwa imepandishwa kwenye chumba cha Dokta, nayo ikajaza chumba hata mlango ukawa unafunguka nusu.

Wa pili alijileta. Alikuwa Mtunza Stoo wa idara ya maji, mtu aliyehesabu mabomba miaka kumi na minne na kuona anastahili kuhesabu kitu laini zaidi. Alikuwa ameambiwa na Mwuza Makochi, aliyekuwa ameapa kutomwambia mtu. Dokta alimkatalia. Akamkatalia tena. Alijua kwamba anayekataa mara mbili huaminiwa mara nne. Mara ya tatu Mtunza Stoo akaja na kiyoyozi kilichoandikwa kwenye daftari la idara kuwa kimekufa, na kikawashwa chumbani kwa Dokta siku hiyo hiyo kikiwa na afya njema kabisa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa kazi. Fomu ya chuo ilitaka hati ya matokeo kutoka chuo ulichosoma, barua mbili za mapendekezo, ruhusa ya mwajiri, na insha ya kurasa mbili ya kueleza kwa nini mwombaji anataka kuwa mkutubi. Mihuri haikumtisha Dokta. Kilichomtisha ni insha. Uongo wake wote maishani ulihusu vitu ambavyo watu wanavitaka, na hapa hakuona pa kuanzia. Akaenda maktaba.

Maktaba ya manispaa ilikuwa na sakafu inayong'aa, feni moja inayolalamika, magazeti ya juzi, na wanafunzi waliolala juu ya vitabu vilivyofunguliwa ukurasa ule ule. Mezani alikuwapo mwanamke wa miaka arobaini hivi, akipaka gundi mgongo wa kitabu kwa brashi. Kila mtu alimwita Dada wa Rafu. Alikuwa msaidizi pale kwa miaka kumi na tisa. Digrii yake ya kwanza aliipata kwa masomo ya jioni, na nyumbani alikuwa akilea pacha wawili pamoja na mama yake, kwa sababu mumewe alikwenda kutafuta kazi miaka tisa iliyopita na bado anaitafuta.

Dokta akajitambulisha kuwa ni mtahini wa nje wa masomo ya ukutubi. Dada akaweka brashi chini, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza siku hizi huko kwao wanatumia mfumo gani wa uainishaji.

Sasa, kuainisha ni kuamua kitabu gani kikae rafu gani, kwa nambari. Pale maktaba hata mfagiaji alikuwa anajua. Dokta hakujua.

"Upole," akajibu. "Upole na uvumilivu."

Dada akamtazama kidogo. Kisha akachukua brashi yake, akaendelea kupaka gundi, na akamwuliza kama angependa kukaa.

Alichokuwa hajui Dokta ni kwamba mwanamke huyu alikuwa amejaza fomu ile ile mara sita, mwaka hadi mwaka, na kila mara ilifia njiani. Chuo chake cha zamani kilimwambia faili lake linatafutwa. Mhadhiri aliyemfundisha alistaafu na kuhama, na safari ya kwenda na kurudi haikuisha kwa siku moja ya mapumziko. Na bosi wake, Mkutubi Mkuu, alikuwa na jibu moja kila mwaka: mwakani. Alikuwa na sababu nzuri. Jumamosi Dada akienda kusoma, nani angefanya kazi ambayo Mkutubi Mkuu analipwa kuifanya?

Dada alimsikiliza Dokta akieleza kwamba kuna watu wawili anawasaidia, watu wema, wenye kiu ya elimu. Akatikisa kichwa taratibu. Akamwambia kamati ya chuo inaona mafaili mamia, na faili lililotungwa kichwani hunuka kabla halijafunguliwa. Fundi wa nguo hakati kitambaa bila kielelezo.

"Tafuta faili moja la kweli," akasema. "Lililokamilika, kila karatasi na muhuri wake. Ukilishika mkononi, utaona lilivyo."

Dokta akauliza la nani.

"Tumia langu. Limekaa bure miaka mingi, kwa kupungukiwa karatasi chache tu."

Dokta akatoka pale akiwaza jinsi maskini walivyo wakarimu, na jinsi ilivyo vizuri kwamba hawajui thamani ya vitu.

Wiki mbili zilizofuata alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya tangu azaliwe. Kwenye masjala ya chuo cha zamani alimkuta karani akinywa chai nyuma ya ukuta wa mafaili. Dokta hakumsalimu. Alitoa futi ya fundi cherehani, akaanza kuupima ule ukuta, akiandika tarakimu kwenye daftari na kuguna. Karani akavumilia dakika tano, kisha akauliza kulikoni. Akaambiwa kwa upole kwamba kuna uchunguzi wa mafaili yaliyopotea na mikono ambamo yalipotelea, na kwamba ataanza na jina lolote tu. Akalitaja la Dada. Faili lililotafutwa miaka sita likapatikana kwa dakika ishirini. Lilikuwa limewekwa chini ya birika. Hati ikatolewa, ikagongwa muhuri, ikafungwa kwenye bahasha.

Kwa yule mhadhiri mstaafu alipanda mabasi mawili na kutembea. Alimkuta akimwagilia vitunguu. Njiani Dokta alikuwa ametunga uongo mrefu, wenye mjomba, ajali na machozi, lakini alipotaja tu jina la Dada, mzee akaweka kopo la maji chini.

"Yule aliyekuwa anaingia darasani na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani?" akauliza. "Mimi nilidhani alishakuwa profesa."

Aliandika barua pale pale, kurasa mbili, na akampigia simu mwenzake wa zamani aliyeishi jirani, aandike ya pili. Dokta alikaa na uongo wake mkavu mapajani, kama aliyebeba mwavuli siku ya jua. Kulikuwa na kitu kilichomgusa kifuani. Akasema ni mabasi.

Mkutubi Mkuu alikuwa rahisi. Dokta alimfahamisha kwamba viongozi wanaowaruhusu watumishi wao kusoma huwa wanatajwa mbele za watu, ila lazima uwepo ushahidi, barua moja tu iliyosainiwa. Mkutubi Mkuu akauliza kama kuna kikombe cha tuzo. Dokta akasema kipo, cha kioo, kizito kidogo. Bosi akasaini nakala tatu bila kusoma, akagonga muhuri kwa nguvu iliyowaamsha wanafunzi wawili.

Insha Dada aliiandika mwenyewe, kwa saa mbili za chakula cha mchana. Hakuweka maneno makubwa. Alieleza jinsi alivyosomea mitihani ya mwisho akiwanyonyesha pacha, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye ndoo. Alimalizia hivi: "Kwa miaka kumi na tisa nimewapa watu vitabu walivyovitafuta. Sasa nataka kujifunza namna ya kuwapa vile wasivyojua kama vipo."

Nakala za karatasi zote akampa Dokta. Asili akabaki nazo, kwa kuwa zilikuwa na jina lake.

"Badilisha panapotakiwa kubadilishwa," akamwambia. Akalirudia neno hilo mara ya pili, polepole, akimtazama machoni. Jioni ile ile akazipeleka zile asili chuo kikuu kwa mkono wake, akapewa risiti, akaikunja ndani ya pochi.

Dokta naye alikwenda nyumbani na nia njema ya kubadilisha. Lakini kochi la ngozi lilikuwa laini, kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, na insha ilikuwa imeandikwa vizuri mno hivi kwamba kuigusa kungekuwa dhambi. Alisoma mstari wa kwanza na wa mwisho, akaridhika. Akabadilisha jina juu, akafuta saini chini, akatoa nakala moja kwa kila mteja, akalala. Wiki tatu baadaye, siku mbili kabla ya mwisho wa kuomba, wateja wake walisaini. Mwuza Makochi alisema kurasa mbili ni ndefu kusoma. Mtunza Stoo alizihesabu, akakuta zimetimia.

Majibu yalitoka baada ya miezi miwili. Dada alikubaliwa, na ada ikalipwa na chuo, kwa sababu kamati haikuwa imesoma insha kama ile kwa muda mrefu. Kwa bahati mbaya ilikuwa imeisoma mara tatu. Kwa hiyo ilimwandikia Mwuza Makochi kwamba imeguswa sana kusikia alivyonyonyesha pacha huku akijiandaa na mitihani. Ilimwandikia na Mtunza Stoo kwamba imeshangaa kuona naye alinyonyesha, mwaka ule ule, kitabu kikiwa kwenye ndoo ile ile. Na kwa kuwa mama mwenye watoto hao alishaleta maombi yake wiki tatu kabla, mabwana wote wawili waliombwa waje kujieleza, ama chuoni, ama polisi, watakapochagua wenyewe.

Manispaa, kwa upande wake, ilimpata mwombaji mmoja tu aliyetimiza sharti. Barua ya kazi ilimfikia Dada akiwa mezani pake. Aliisoma mara mbili, akaingia stoo ya magazeti ya zamani, akafunga mlango, na akakaa humo muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na kilemba kimefungwa upya. Mkutubi Mkuu alikuwa akiuliza kikombe chake kitaletwa lini.

Siku ya pili yake Dokta aliingia maktaba mbio, miwani hana, suti imechanika begani. Mwuza Makochi alikuwa amekuja kuchukua makochi yake, na alikuja na wapakizi wanne, ambao walionekana kutaka kubeba na kisichokuwa kochi.

"Dada," Dokta akasema akihema, "umenitapeli."

Dada alikuwa anabandika nambari kwenye vitabu vipya. Hakuinua sauti, maana ilikuwa maktaba.

"Nimekudanganya neno gani, kaka?"

Dokta akafungua mdomo. Akarudi nyuma kwa kichwa siku zote zile, akalikagua kila neno alilowahi kuambiwa na mwanamke huyu, kama karani anayetafuta faili kweli kweli. Hakupata hata moja. Alikuwa ametumia nusu ya umri wake mjini akiuza uongo wa kila saizi, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumalizwa kwa ukweli mtupu. Uso ulimbadilika.

Nje, sauti ya Mwuza Makochi ilikuwa inauliza kama kuna mtu amemwona daktari.

"Kuna mlango wa nyuma?" Dokta akanong'ona.

"Upo," Dada akamjibu. "Pita rafu za sheria, kata kushoto. Haujafungwa."

Akashukuru, akapita rafu za sheria, akakata kushoto. Mlango ulikuwepo, na haukuwa umefungwa. Huko nje, kivulini, Mtunza Stoo alikuwa amekaa tangu asubuhi kwenye kiti ambacho Dada mwenyewe alimtolea, na glasi ya maji.