Mwongozo wa Msafiri Kwenye Maduara ya Hatari

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata wazo! Wazungu wana vitabu vya kuwaongoza wasafiri kwenye nchi zenye vita: mabomu yanaanguka wapi, chakula cha jioni kinapatikana wapi. Sisi wa Runzewe tumezungukwa na mashimo ya dhahabu, maduara kama wachimbaji wanavyoyaita, yanayomeza watu, na hakuna hata kijikaratasi. Nitaandika mimi. Davis wa duka la fotokopi aliniuliza kama nimewahi kushuka kwenye duara hata moja. Wivu mtupu. Hata mwandishi wa vita hapigwi risasi kwanza ndipo aandike.

Jumatano, 6 Novemba

Utafiti kwenye machimbo mapya. Nilitegemea vurugu. Ajabu, kimya kabisa! Mashine zimezimwa, kamba zimekunjwa, wachimbaji wamekaa chini. Wanawake waliojitanda khanga wanapika kwenye masufuria makubwa. Nikapewa wali bila hata kuulizwa mimi ni nani. Mchimbaji mmoja alisema leo hawashuki. Nikaandika: wenyeji wakarimu, hawapendi kujichosha. Duara la pembeni ndilo tulivu kuliko yote. Mdomoni wamelaza matawi ya miiba, bila shaka kuzuia mbuzi. Nimelipatia alama ya juu: Salama, panafaa mgeni.

Ijumaa, 8 Novemba

Davis alitoa kopi chache tu, akaanza kusoma! Kisha akazima mashine. Akasema nilichokiona ni msiba. Duara likiua mtu, machimbo yote husimama mpaka azikwe, na lililoua hufungwa kwa miiba. Akanisihi nifute. Nifute vipi, na karatasi zimeshatoka? Nikamwambia hakuna kitabu kisicho na kasoro ndogo.

Nakala ya kwanza nimempa shemeji Mayala, mume wa dada yangu Lusia. Pamba imemwangusha mwaka huu, anatafuta pa kuanzia kuchimba. Aliipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, shemeji," akanishukuru. Nilijisikia mtu.

Jumapili, 10 Novemba

Mayala amefukiwa. Alitoa miiba akashuka peke yake alfajiri, duara lile lile nililolisifia. Muuza uji ndiye aliyesikia sauti chini. Wachimbaji waliacha kazi zao wakafukua kwa zamu, bila maneno, wengine kwa mikono. Nami nilifukua. Nililia mbele za watu wala sikuona aibu. Niliogopa, jamani, niliogopa sana.

Ametolewa hai. Miguu haina hisia.

Jumanne, 12 Novemba

Wadi ya majeruhi. Daktari hajui kama Mayala atatembea tena. Lusia alinipa kikombe nimnyweshe mumewe uji, kisha akaniuliza taratibu kama nilijua habari za lile duara. Nikasema nilijua, ila onyo nililiweka kwa ajili ya toleo la pili. Lusia akainama, akaanza kumkanda mumewe miguu.

Moyo uliniuma, nikaona lazima nifanye jambo la maana. Nikamwambia Mayala toleo la pili litabeba picha yake akiwa hapa kitandani, ukurasa wa mbele, maana wasomaji humwamini aliyefika mwenyewe. Davis amegoma kuchapa, basi nitakwenda kuchapia Kagongwa.

Mayala aligeuza uso ukutani, mabega yakitikisika. Maskini shemeji, furaha imemzidi.