Vanila, Asidi na Ufunguo wa Maabara

Jumatatu, 6 Julai 1987. Kathonzweni.

Nimedharauliwa! Mbele ya walimu wote, kikombe cha chai mkononi. Hedimasta Mulei ametangaza mkutano wa wazazi Ijumaa. Ofisa wa elimu atakuja. Yote kwa sababu vijana wawili wa Fomu Tatu walikutwa nyuma ya choo wakivuta bangi na kuuchekea ukuta. Lazima pawe na somo kuhusu dawa za kulevya. Nikasimama kabla hajamaliza. Akaniambia, mwalimu Mutunga, keti, somo atatoa Madam Nthenya.

Nthenya! Ana wiki sita hapa. Ana digrii, sawa. Mimi nina miaka tisa! Nani alipaka rangi rafu za maabara? Nani huvaa ufunguo wa maabara shingoni hata akioga?

Halafu pigo la pili. Ofisa ana nafasi moja ya kumpeleka chuoni mwalimu asiye na cheti. Atakayebaki, Desemba kwaheri. Hapa wasio na cheti ni wawili, mimi na Musembi wa dini. Musembi anajua kuomba. Mimi lazima nionekane.

Madam akaeleza, bila kuulizwa na mtu, kwamba nguvu ya bangi imo kwenye utomvu wake. Haiyeyuki majini. Huyeyuka kwenye spiriti na mafuta, ndiyo maana hujificha kwenye mafuta ya mwili hata wiki kadhaa. Akachora pete tatu zilizoshikana na herufi C tele. Musembi akasema aleluya. Miaka tisa nimefundisha kwamba bangi ni nikotini iliyooza. Sasa nitaweka wapi uso wangu?

Jumanne, 7 Julai.

Dawa ya moto ni moto. Madam alitoka kwenda kupiga kengele, akaacha daftari wazi mezani. Kichwa cha ukurasa: Kupima Bangi. Vanila, spiriti, asidi. Ikigeuka zambarau, hiyo ni bangi. Nikanakili mbio mbio. Nikafika nusu ya ukurasa, akarudi. Nusu inatosha. Mwenye akili humalizia mwenyewe.

Nikaomba ruhusa ya jino, nikaenda hadi Emali, dukani kwa Dirie. Nikataka vanila ya keki, chupa mbili. Akauliza nani anaoa. Nikamwambia kwa ukali kwamba hakuna anayeoa, hii ni sayansi. Akanifungia chupa vizuri, akamtakia bibi harusi heri. Watu wa siku hizi hawasikii!

Jumatano, 8 Julai.

Nilihitaji mshukiwa. Nikampata kabla ya chai ya saa nne: Mzee Ndululu, mlinzi wa geti. Kila jioni kibandani kwake hutoka moshi wa ajabu. Nikafungua kopo lake. Majani makavu! Akasema ni dawa ya pumu, huyachoma na kuvuta moshi wake kifua kikibana, na baba yake alifanya vivyo hivyo. Ndiyo, kila mwizi ana baba.

Nikapima. Nyekundu! Kwenye daftari imeandikwa zambarau, lakini nyekundu na zambarau ni ndugu. Nikamkimbilia hedimasta na chupa ikiwa bado moto. Ndululu akasimamishwa kazi papo hapo. Alikohoa tu, akanikabidhi tochi ya shule.

Furaha yangu ilidumu dakika kumi. Madam akaja, akayapekua yale majani, akasema si bangi hata kidogo. Ni ule mmea wa jalalani wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba. Anauita datura. Akasema bangi humchekesha mtu, humtia njaa, huurefusha muda. Huu hukausha mdomo, hutanua mboni za macho, huchoma ngozi. Humfanya mtu azungumze na asiyekuwepo, na aamini kabisa. Wengine hufa. Akasema hata Mzee Ndululu anacheza na hatari, aende zahanati apewe dawa ya kweli. Hedimasta akanitazama kama debe lililotoboka. Akasema uamuzi juu ya Ndululu ni Ijumaa, baada ya mkutano.

Yaani majani yangu nimeyakamata mwenyewe, halafu yeye ndiye anayajua!

Alhamisi, 9 Julai.

Kalunde, mke wa Ndululu, alikuja mlangoni kwangu. Akasema mzee hakulala, kifua kinapiga filimbi, na kwa adabu kabisa akaniomba nirudishe kopo. Nikamwambia hicho ni kielelezo cha serikali. Akaondoka. Nikasikia kitu kizito kifuani. Bila shaka ni muthokoi wa jana, mahindi magumu yale.

Nimefikiri mchana kutwa. Njia ni moja tu. Kesho asubuhi nitayachemsha ninywe mwenyewe. Nikicheka na kusikia njaa, ni bangi, na Madam na digrii yake waone haya. Nisipocheka, basi. Lakini nitacheka. Hata kwa nguvu.

Ijumaa, 10 Julai.

Saa moja. Nimekunywa. Chungu! Mungu si Athumani.

Saa moja na nusu. Sijacheka. Nimejaribu. Mdomo mkavu, ulimi umekuwa gunzi.

Saa mbili. Nani amewasha moto humu? Mistari ya daftari inatembea. Nimeiambia isimame. Haina adabu.

Mkutano mzuri. Watu tele. Ofisa wa elimu mnene, amevaa bati, hanikatizi. Madam anyamaze! Mama yupo mbele, leso yake ya njano. Anapiga makofi. Mama nimeajiriwa rasmi. Mama kaa usi

Jumapili, 12 Julai.

Jumamosi sijui ilikwenda wapi. Niliamka zahanati, nimefungwa mikono kwa shuka.

Mzee Ndululu amenisimulia yote. Nilihutubu saa nzima. Niliyemhutubia ni tangi la maji. Wazazi walisikia kelele, wakageuza viti. Madam, mwizi mkubwa, akaendelea na somo lake kwa kunionyesha mimi kwa fimbo ya ubaoni! Tazameni mboni. Tazameni ngozi ilivyoiva. Tazameni anavyookota vitu hewani. Watu waliandika! Kisha akaagiza nipelekwe zahanati upesi. Ofisa akasema hajawahi kuona somo lenye kielelezo bora kama hicho. Musembi akaomba.

Mama alikufa mwaka wa themanini na nne, ile njaa. Nilimwona kama ninavyoona kidole changu. Nimemuuliza Ndululu mara mbili kama kweli hakuwepo. Akasema hakuwepo. Nimemkasirikia sana kwa hilo, na sijui kwa nini.

Huyo huyo ndiye aliyenibeba, na kifua chake kile. Amekesha kando yangu akinilowesha midomo kwa kitambaa. Mkono wangu aliushika kwa nguvu mno. Una alama.

Asubuhi niliruhusiwa kurudi nyumbani, na saa sita hedimasta alikuja na Madam. Ameuchukua ufunguo shingoni mwangu, akautia mfukoni mwa Madam. Mfukoni mwake, mbele yangu! Lakini nafasi ya chuo bado ipo. Eti Madam amenitetea kwa ofisa, akasema mtu anayethubutu kujaribu anaweza kufundishika. Sitaki utetezi wake. Nafasi naitaka. Sharti ni moja: barua ya kumwomba Mzee Ndululu msamaha, ifike kwa hedimasta kesho kabla ya kengele. Isipofika, anakwenda Musembi.

Madam naye aliniachia ukurasa mzima wa kile kipimo. Akanisihi nisome nusu ya chini, ile ya majani mengine yanayotoa rangi ya uongo. Kwa macho gani? Maandishi ya karibu ni ukungu mtupu. Hii yenyewe naandika kwa herufi za ukubwa wa kuku. Nimeukunja ukurasa, unategemeza mguu wa meza, ambao ulinisumbua tangu Machi.

Saa kumi nikakaa kuandika. Karatasi safi ilikuwa moja tu nyumbani. Nikaandika, Mpendwa Mzee. Nikakwama. Nikainjika chai. Majani nililetewa na hedimasta mwenyewe kama pole, yametoka kopo la ofisi yake.

Kopo. La ofisi. Yake.

Chupa ya pili ya vanila ninayo. Asidi kidogo niliiweka zamani kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikapima.

Nyekundu! Nyekundu kuliko ya Ndululu!

Sasa naelewa. Miaka tisa ya dharau, na chanzo kilikuwa kwenye birika. Nimefuta Mpendwa Mzee, nikaandika Mheshimiwa Ofisa wa Elimu. Nimejaza pande zote mbili. Kesho alfajiri naipeleka mwenyewe, kabla ya kengele. Ndululu ni mtu mwema, atangoja.