Alama Ishirini na Mbili za Torbjörn

Jumapili, 1 Septemba 1974

Leokadia,

Mvua. Nimerudi nyumbani Hagsätra na grisi mpaka masikioni. Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani, kwa sababu changu kimejaa nguo chafu. Usinikasirikie.

Mashindano ya tano ya magari yamekwisha. Yamebaki ya mwisho, tarehe kumi na tano. Leo Torbjörn, dereva wangu, amekuwa wa pili. Wa pili! Kijana wa miaka ishirini ambaye kamba za viatu humshinda. Gunvor, yule msichana anayeendesha gari linalotunzwa na Obiero, ameambulia nafasi ya sita. Injini ilikohoa njia nzima. Nikampa Obiero pole kwa sauti ya msibani. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kisumu kwamba asante, ndugu, lakini sisi hatujafa bado. Kisha akakumbuka habari zako. Akashika mdomo. Akaomba radhi mara tatu, macho yamemlowa, ikabidi nimbembeleze. Siku ya ushindi wangu, nikaimaliza nikimbembeleza Obiero!

Wakati wa kahawa Bwana Sixten, mwenye magari, alitusimamisha sote wanne kando ya tela. Mwakani atabaki na gari moja. Jingine ataliuza. Kati ya Torbjörn na Gunvor, atakayemaliza msimu na alama nyingi ndiye atakayeendesha, na fundi wake atabaki naye. Fundi wa pili arudi karakana ya mabasi alikotoka. Akasema samahani sana. Watu wa hapa huomba samahani kwa upole kabisa huku wanakukata mguu.

Hesabu ni ya mtoto. Wa kwanza hupata alama tisa, wa pili sita, wa tatu nne, halafu tatu, mbili, moja. Wa saba hupata vumbi. Torbjörn amepata sita, nne, nne, mbili, na leo sita. Ishirini na mbili. Gunvor amepata tisa, sifuri, tisa, sifuri, na leo moja. Kumi na tisa. Ubingwa wenyewe umeshachukuliwa na kijana mmoja wa Göteborg, hatumhitaji. Mimi nahitaji Gunvor abaki nyuma ya Torbjörn. Basi.

Siwezi kurudi kuosha mabasi, Leokadia. Kule hakuna hata mahali ambapo uliwahi kukaa.

Jumanne, 3 Septemba

Obiero amekuja gereji na kijitabu cha masharti. Kurasa arobaini, Kiswidi kitupu. Amependekeza tukae naye na kamusi tukipitie pamoja, kabla ya siku yenyewe. Ati ukurasa wa kumi na nne una mambo kuhusu alama.

Nikamwambia mimi kujumlisha najua. Na masharti ya mashindano haya anayajua hata paka wa gereji. Gari lina kiti kimoja, magurudumu yako nje, injini ni ya gari la kawaida la kupelekea watoto shule. Imefungwa waya na lakiri ya risasi, ukiifungua umefukuzwa. Tairi ni za aina moja kwa wote. Haya yote ili vijana wapimwe kwa uendeshaji, siyo kwa mifuko ya baba zao. Kimebaki nini cha kusoma?

Akasema haya, ndugu, wewe ndiye mwenye miaka mingi. Akaondoka na kijitabu chake kwapani kama katekista.

Kusoma masharti ilikuwa kazi yako. Ulikuwa unanisomea huku unamenya viazi, na maganda yakiangukia ukurasa. Mimi nikiitikia ehe, ehe. Sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nasikiliza sauti. Sasa nimsikilize Obiero? Na ile sauti yake ya tarumbeta?

Ijumaa, 6 Septemba

Mpango!

Wakaguzi hupima gari likiwa tupu. Dereva hapimwi. Gunvor ana kilo hamsini na nne, na kofia yake ngumu kichwani. Torbjörn ana themanini na moja. Yaani kila kona namsukuma mtu mzima na gunia la unga juu yake. Nimeona hili leo nikiwa chini ya gari, nikajigonga kichwa kwa furaha.

Kuanzia leo Torbjörn hali mikate ya mdalasini. Anakula matango. Nimenunua kumi na manne. Amenitazama kama ng'ombe aliyeonyeshwa picha ya majani. Nikamweleza kwa Kiswidi changu kwamba bingwa hujinyima. Akauliza kama Gunvor naye anajinyima. Nikamwambia Gunvor hana akili ya kujinyima.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimempima. Themanini na tatu.

Amekiri. Mama yake alimhurumia kwa ajili ya matango, akawa anampikia mara mbili. Nikamrudishia mikate yake. Obiero alikuwa kando anafunga breki, mabega yanamtikisika. Nikamuuliza kama ana homa. Akasema ndiyo, homa kali sana, homa ya matango.

Wakenya hawana heshima na kazi ya mtu.

Jumatano, 11 Septemba

Mdogo wako Dafrosa alishuka na treni kutoka Upplands Väsby kuja kuniangalia. Amefungua jokofu, akasimama. Akauliza, "Shemeji, haya matango kumi na mawili unayaficha au unayafuga?" Nikamweleza mpango wa kilo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema dada alikuwa ananilinda na mengi, na yeye hakujua ni mengi kiasi hicho. Kisha akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Amepika ugali na kabichi. Amesema Jumapili atakuja na chupa ya chai, kama ulivyokuwa unafanya. Nikasema si lazima. Akasema hakuniuliza.

Mpango wa pili ninao, lakini kwake sikuutaja. Mashindano hayashindwi na mwenda kasi. Hushindwa na mwenye hesabu. Gunvor hupiga mbio kama mwizi, ndiyo maana kwenye mashindano mawili aliishia kwenye nyasi. Torbjörn hufika kila mara. Nina alama tatu za akiba. Sitaki ushujaa. Nitasimama ukingoni na ule ubao wa kumwonyesha dereva maandishi, na kila mzunguko nitapiga hesabu. Akiwa mahali panapotosha, nampunguza mwendo. Obiero ataijulia wapi akili hiyo? Yeye ubaoni huandika tu namba.

Jumapili, 15 Septemba

Niandike polepole.

Uwanja ule wa zamani wa ndege za jeshi. Jua, baridi. Dafrosa na chai yake. Kwenye mazoezi ya kupima muda Torbjörn alipata nafasi ya tatu ya kuanzia. Gunvor wa saba, gia ya pili ilikuwa inakataa. Nilimkopesha Obiero spana yangu nzuri. Ningeweza kumnyima. Nilifikiria kumnyima. Nikampa.

Mizunguko ishirini. Bendera ikashuka. Wawili wa mbele wakatoroka wakaenda zao. Torbjörn akashika nafasi ya tatu, na nyuma yake kundi la magari manne, pua kwa mkia. Hivyo ndivyo wanavyofanya hawa: wa nyuma hujificha kwenye upepo wa wa mbele, anavutwa bure, halafu anachomoka. Na magurudumu yako nje, Leokadia. Yakigusana tu, gari linaruka.

Mzunguko wa kumi na tano Gunvor alikuwa ameshafika wa nne. Kutoka wa saba! Alikuwa anamchungulia Torbjörn kushoto, kulia, kushoto. Nikaona watagongana. Nikaona sifuri. Nikapiga hesabu. Gunvor akiwa wa tatu, nne juu ya kumi na tisa, ishirini na tatu. Torbjörn akiwa wa tano, mbili juu ya ishirini na mbili, ishirini na nne. Inatosha! Inabaki na chenji!

Nikaandika ubaoni LUGN, yaani tulia. Herufi kubwa. Dafrosa akauliza kwa nini namzuia mtu aliye mbele. Nikamwambia shemeji, haya mambo ya kitaalamu.

Torbjörn hajawahi kunitii tangu nimjue. Leo alitii. Akainua mguu. Gunvor akapita. Mzunguko uliofuata akapita mwingine. Nikazidi kumwonyesha LUGN, LUGN. Akamaliza wa tano, safi, bila mkwaruzo. Gunvor wa tatu.

Nikapanda juu ya tela. Nilicheza, Leokadia. Mimi. Nilipiga vigelegele kwa sauti yangu hii. Bwana Sixten alikuwa ananitazama kwa adabu kubwa. Nikamrushia Obiero busu!

Obiero hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi baridi. Alikuja chini ya tela akaninyooshea mkono, akasema, "Ndugu Zephania, hebu shuka. Shuka kwanza, tafadhali."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemvua mtoto mwiba. Mashindano ni sita, lakini yanahesabiwa matokeo matano bora tu. Moja, lile baya kuliko yote, kila mtu analitupa. Gunvor alikuwa na sifuri za kutupa. Nne zake za leo zimeingia zote: ishirini na tatu. Torbjörn alikuwa amepata alama kila mara. Akitia mbili za leo, lazima atoe mbili za zamani. Ishirini na mbili. Palepale alipokuwa asubuhi. Angebaki wa tatu tu, na Gunvor nyuma yake, angekuwa na ishirini na nne na Gunvor ishirini na mbili.

Nikasema hiyo ni sheria ya walevi. Inamwadhibu anayefika na kumtuza anayevunja! Dafrosa akauliza kama imeandikwa mahali. Obiero akatazama viatu vyake. Ukurasa wa kumi na nne, akasema, chini kabisa, na akasema pia kwamba alipaswa kunilazimisha. Akaniomba radhi. Yeye!

Nikageuka upande wa sanduku la spana, pale ulipokuwa unakaa, nikuulize kama ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Labda uliwahi kunisomea. Labda niliitikia ehe.

Jumanne, 17 Septemba

Bwana Sixten amenipa mkono. Samahani sana. Obiero amemwomba niruhusiwe kuja siku za mashindano, kushika ubao. Ubao! Nikamwambia Bwana Obiero sihitaji huruma, mtu wa kushika ubao huitwa kigingi. Akasema mlango uko wazi, ndugu, hasira zikipoa. Alinibebea mkoba wangu mpaka kituo cha treni. Sijui anataka nini kwangu.

Torbjörn alikuja kuniaga. Akala mikate minne mbele yangu. Kisha akasema hana kinyongo, alidhani nimeona kitu ambacho yeye hakukiona. Hilo limeniuma kuliko samahani zote.

Ijumaa, 27 Septemba

Karakana ya mabasi. Brashi ileile ya mpini mrefu. Msimamizi ni mpya, lakini ana dharau za yule wa zamani.

Habari njema ni kwamba karakana ina timu ya mpira wa meza. Ligi ya makampuni, michezo kumi na minane mpaka Pasaka, na timu itakayoongoza inakwenda fainali. Wenzangu hawana mpangilio hata kidogo, wanacheza kila mchezo kana kwamba ni wa mwisho. Wapuuzi. Jana nimewaeleza: tukazane mpaka Krismasi, tulimbikize alama, halafu tupumzike kabisa na kulinda tulizonazo. Mmoja aliuliza kama alama za kabla ya Krismasi zinaendelea kuhesabiwa baadaye. Alama zitakwenda wapi, nikamuuliza. Wamenifanya nahodha.

Dafrosa atakuja kesho. Nitamweleza unahodha wangu, acha acheke. Nimepanga nguo, viti vyote viwili viko wazi sasa. Nimeendelea kukaa kwenye chako.

Huko uliko, Leokadia, katikati ya mambo yako, unikumbuke kidogo. Hata kwa kucheka.

Zephania wako