Nyumba Nzima Ndani ya Flashi

Jumatatu, 6 Machi

Rula anaondoka Jumamosi. Kifunguamimba wangu! Nimeandika hayo maneno halafu nikaenda kunywa maji kwanza.

Chuo cha kuchora majumba kimemwita. Sharti ni moja: Jumatatu ijayo asubuhi awe na michoro yake yote, walimu waione. Asipokuwa nayo, nafasi anapewa mwingine. Michoro imo ndani ya kompyuta ya nyumbani, nayo haiendi popote. Wadogo zake wanaitumia, na betri yake ilishakufa zamani. Kwa hiyo kinatakiwa kifaa cha kubebea. Rula yuko kazini kwenye duka la fotokopi mpaka Ijumaa, kaniomba mimi nikanunue. Anataka kiwe chepesi, kiwe na nafasi, kiwe na mbio. Nikamwambia niachie mimi. Nashona mito na magodoro tangu hajazaliwa, nafasi nitashindwa kuijua?

Siri yangu: humo ndani nitamwekea na nyumbani. Sauti zetu, sura zetu, mawaidha. Asije akafika ugenini akasahau katoka kwa nani. Yeye hajui.

Shangazi yake kasikia. Kasema kifaa atanunua yeye, eti mimi mambo ya kompyuta nayajulia wapi. Aha! Ni lile darasa la nne nililoishia, ndilo analonitupia. Tutaona.

Jumanne, 7 Machi

Nimefika duka la vifaa. Muuzaji ni mwanamke ana kucha ndefu kama vijiko vya chai, sijui anafunguaje maboksi. Nilimuuliza maswali mpaka wateja wawili wakakata tamaa wakaondoka. Kuuliza si ujinga.

Kumbe viko namna namna! Diski kubwa ina sahani ndani, inazunguka, na kijisindano kinaisoma. Inameza vingi lakini polepole, na haitaki kuanguka hata kidogo. Nyingine haina kinachozunguka, ina mbio za ajabu, nafasi tele, inaingia mfukoni. Nikauliza bei. Nikairudisha mezani kwa mikono miwili. Halafu flashi. Ndogo kama ukucha wake, kichwa kimoja kinaingia kwenye kompyuta, kingine kwenye simu. Nafasi giga 64. Nikaipenda palepale.

Niliitikisa sikioni. Kimya. Sasa vitu vinakaa wapi? Akasema ni umeme mdogo mdogo umefungiwa humo, vyumba vyumba. Anaufungia nani, na mlango hakuna? Nimerudi nikiwaza hilo tu. Nikaipita nyumba yetu.

Rula alisema michoro, pamoja na zile video za kutembea ndani ya nyumba ambazo hata hazijajengwa (!), ni giga 50. Yule dada wa kucha kanishauri nichukue ya 128. Nikamcheka. Nikamwambia dada'angu, mimi mshona mito. Mto hauwi umejaa, ni mtu kachoka. Weka goti, shindilia, sufi inaingia. Nimechukua ya 64. Nikaomba aniongezee kidogo, hata giga mbili za mteja mpya. Aliniangalia sana.

Jumatano, 8 Machi

Utafiti! Nimeipima flashi ikiwa tupu, kwenye mzani mdogo wa nyuzi. Kisha nikaijaza video ya Baba Rula akikoroma. Nikapima tena. Uzito uleule! Mwanaume mzima na mkoromo wake wote, hata unyoya mmoja haukuongezeka. Nimempigia jirani simu kumweleza. Akaniuliza kama nimekula.

Nimerekodi mlango wa jikoni unavyolia. Wadogo zake wakigombea kiti. Chungu kikichemka, chote, tangu maji ya baridi. Mawaidha kuhusu kulala mapema. Mawaidha kuhusu wanaume wenye maneno matamu. Mawaidha hayo nimeyarudia mara tatu, maana mara ya kwanza nililia.

Jambo baya: kompyuta inasema flashi ni giga 59. Nililipia 64! Nimekwenda dukani mbio na kanga moja. Dada wa kucha kasema ndivyo zilivyo zote, kiwanda kinahesabu hivi na kompyuta inahesabu vile. Maneno hayo hata muuza sufi wangu huniambia. Nimemwachia Mungu.

Alhamisi, 9 Machi

Shangazi kaingia na diski yake. Kama tofali! Kaiweka mezani kwa kishindo cha adabu, akasema hiyo ni giga elfu moja na ukubwa ni ukubwa. Flashi yangu kaiita punje ya mchele, eti Rula ataimeza na chakula.

Nikamwambia aichomeke tuone. Kompyuta ikasema 931. Yeye kapunjwa 69, mimi tano tu! Niliimba mpaka jikoni.

Hata hivyo, kusema kweli, kile kidiski ni cha ajabu. Nimekilazia sikio. Kinavuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, halafu kinatetemeka kidogo, kama mtoto anayeota. Nilitaka kukifungua kwa mkasi nione ile sahani. Shangazi kanipiga mkono. Tukajibizana, yeye anasema nina wivu, mimi nasema mtu akiwa mkubwa si lazima na mzigo wake uwe mkubwa. Simu yangu ilikuwa inarekodi muda wote huo, nilisahau kuizima. Si kitu, nimeiingiza na hiyo.

Flashi sasa ina giga 40 za nyumbani. Zimebaki 19. Michoro 50. Itaingia tu.

Ijumaa, 10 Machi

Haikuingia.

Rula karudi mchana, kachomeka flashi, kompyuta ikamwambia nafasi haitoshi. Nikamwambia abonyeze kwa nguvu. Akabonyeza. Nikamwambia apishe, nikabonyeza mimi. Nilibonyeza mpaka meza ikasogea. Sufi ingekuwa imeingia godoro zima!

Akafungua kutazama kuna nini. Akasoma kwa sauti: Baba Kalala. Baba Kalala Tena. Chungu. Kisha akanigeukia, na mimi nikajifanya natafuta uzi.

Shangazi kaleta tofali lake huku anatabasamu. Nafasi tele, ndiyo, lakini kompyuta yetu ya kizamani ilikuwa inaisukumia michoro tone kwa tone. Saa zikapita. Nikaigusa diski. Moto! Homa kabisa! Mzazi anakaaje anatazama? Nikaiweka juu ya mto mpya, karibu na dirisha ipate upepo, waya wake ukiwa bado umechomekwa. Mto wangu umejaa vizuri, ni wa duara. Diski ikateleza.

Ikafika sakafuni ikasema tik. Tik. Tik. Haijasema kingine tangu hapo.

Shangazi kakaa chini palepale. Rula akakimbilia kompyuta. Michoro ilikuwa salama mle, alikuwa anakopi, si kuhamisha. Lakini kesho ni safari, na maduka yalikuwa yamefungwa.

Vitu vyangu vimo kwenye flashi tu, na kompyuta imejaa, pa kuvihamishia hakuna. Nikajua lililobaki. Nikamwambia afute. Akauliza afute vitu gani. Vyote, nikasema, futa kabla sijabadili mawazo. Niliomba kuvitazama mara ya mwisho, akasema mama, chungu peke yake kina nusu saa. Akafuta. Vilipotea kwa mara moja tu! Giga 40 za damu yangu, hata vumbi halikutimka. Niliuliza vimekwenda wapi.

Michoro ikaingia yote, tone kwa tone vilevile, mpaka usiku wa manane. Nafasi ilibaki kidogo. Nikaona hakufuta kila kitu. Kaacha moja: mimi na Shangazi tukigombana. Nikamuuliza kwa nini hiyo, na si mawaidha yote yale. Akasema hiyo ndiyo nyumbani.

Shangazi alinitazama, nikamtazama. Tukapenga kamasi kwa kitambaa kimoja.

Jumamosi, 11 Machi

Kaondoka. Flashi kaivaa shingoni. Nimeapa mbele ya Shangazi na Baba Rula: kuanzia leo, vitu vya watu vya kompyuta sivigusi. Nimejifunza.

Jumatatu, 13 Machi

Kapiga simu! Michoro imefunguka yote. Mwalimu mmoja kazunguka mara mbili ndani ya ile nyumba isiyojengwa. Nafasi ni yake! Nimepiga vigelegele mpaka mteja wa godoro akanisubiri mlangoni.

Tena kasema chuo kimempa sehemu ya kuhifadhi vitu vyake kwenye mtandao. Haibebwi, haianguki, haipati homa. Kutufurahisha mimi na Shangazi, katupa neno la siri, tuwe tunatazama kazi zake. Kusisitiza kasisitiza: kutazama tu, mama, michoro ya mtihani imo humohumo.

Nikamuuliza panaingia kiasi gani. Akasema pa kutosha. Pa kutosha! Mbona hajasema mwisho wake wapi?

Nimefungua kuchungulia tu. Nimemkuta Shangazi keshaweka video ya saa mbili, anafundisha kukunja mashuka.

Saa mbili! Mimi mama mzazi nina nini humo?

Nimeichaji simu. Naanza na majirani, nyumba kwa nyumba.