Mama Mkwe Ndani ya Karavani

Jamani wenzangu, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, feri nzima ikinitazama. Nawaandikia mapema kabla habari haijafika huko Mombasa kwa mdomo wa mtu mwingine, maana huyo atatia chumvi, na hii yenyewe imeshakolea.

Mwajua mke wangu Mwanaidi auza mahamri na viazi vya karai kando ya barabara hapa Malindi, mwaka wa nne sasa. Baraza la mji likasema basi, hakuna kupikia nje tena. Anayetaka kibali awe na kuta, maji na beseni la kuoshea, na bwana afya angekuja kukagua leo saa tisa mchana. Asipoona kitu, nafasi apewe mwingine. Kwa bahati tukapata karavani kule Mnarani, kwa mzungu mmoja aitwaye Piter, aliyekuwa akirudi kwao. Ina jiko, ina beseni, ina hata mapazia ya maua! Kilichobaki ni mimi kuifunga nyuma ya pikapu na kuivuta mpaka Malindi.

Sijawahi kuvuta karavani. Lakini nimeendesha lori la saruji miaka minane, nifundishwe nini?

Piter akanifundisha hivyo hivyo. "Athmani, sikiza. Vioo virefu, funga vyote viwili, ndipo utaona nyuma. Miguu hii minne ya kusimamia, ikunje. Huu mkono wa kiungo, bonyeza mpaka ulie ta! Mzigo mzito uweke katikati, juu ya magurudumu. Ukiuweka nyuma, pua itainuka. Na ndani asikae mtu. Mtu yeyote!"

"Hamna neno," nikasema. (Nilikuwa natazama mapazia.)

Mnyororo wa usalama akaufunga mwenyewe, kwa mkono wake. Ndiyo sababu leo mwapokea barua na si habari ya matanga.

Nimefunga kioo kimoja, naushika mkono wa kiungo niubonyeze, nikasikia sauti nyuma yangu. "Hodi!" Mama mkwe. Bi Rukia mwenyewe, ambaye kwake ni pale pale Mnarani, amekuja na gunia la nazi, chetezo na udi. Nikaacha kila kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nakwenda kumuona Mwanaidi akipata jiko lake. Wanitia wapi?"

Hapo ndipo mtihani. Pikapu ina kiti kimoja kirefu. Mimi na mama mkwe, bega kwa bega, mpaka Malindi? Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi hata kula naye sinia moja! Naye akaniona ninavyobabaika.

"Usitaabike, baba. Mimi n'takaa humu ndani, kwenye kitanda."

Maneno ya Piter niliyakumbuka, wallahi. Lakini Piter alikwishaingia nyumbani mwake kufunga masanduku, na mimi nilikuwa mtu wa kumwambia Bi Rukia hapana? Nikampandisha. Kitanda kiko nyuma kabisa. Na gunia la nazi nikaliweka hapo hapo karibu naye, asisumbuke kulifuata.

Tukaondoka. Njiani watu wananipungia mikono, nami nawapungia. (Nilidhani wasifu karavani.) Kioo cha upande wa pili sikukifunga, kwa hiyo sikuona moshi.

Kumbe Bi Rukia kawasha udi! Nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Na kwa kuwa upepo ulikuwa ukimzimia makaa, kafunga madirisha yote. Tulipokuwa juu ya feri, katikati ya maji, akafungua moja apate pumzi, na wingu zima likatoka.

"Moto! Moto!"

Ndoo zikaanza kuruka. Bwana mmoja wa suti ya kaki akawa hodari kuliko wote, akamimina ndoo nzima dirishani.

"Nani huyo animwagiaye maji?" ikauliza karavani.

Watu wakarudi nyuma. Nikaeleza. Wakacheka, mama mkwe akafunga dirisha na kujivuta kule nyuma kabisa, mbali na ndoo, na feri ikagusa upande wa Kilifi. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Nikatia gia, nikapanda ule mteremko wa kutokea. Nazi zikabingirika nyuma. Mkono wa kiungo, ule ambao haukulia ta, ukaachia. Pua ya karavani ikapanda juu, mkia ukakaa chini, mnyororo ukakaza na kuizuia isirudi majini.

"Athmani! Nyumba yasimama!"

Nikakimbia. Mlango ukafunguka, sasa uko juu kama dari, na Bi Rukia kasimama hapo na buibui lililolowa. Hawezi kuruka.

"Mshike!" watu wakapiga kelele.

Nimshike vipi? Dini hainikatazi. Haya ndiyo inayonikataza. Nikafumba macho, nikanyoosha mikono, nikasimama pale kama mti wa kuanikia nguo.

"Wewe! Nishike, au wataka nife kwa haya zako?"

Nikambeba. Mama mkwe wangu, mikononi, mbele ya abiria wote, wapishi wa mihogo na makuli. Wakapiga makofi. Mwingine akapiga kigelegele!

Yule bwana wa kaki akasogea. "Karavani hii yaenda wapi?"

"Malindi. Kuwa mkahawa wa mke wangu, Mwanaidi."

Akafungua daftari. "Basi tutaonana saa tisa."

Kumbe ndiye bwana afya mwenyewe!

Lakini watu wa Kilifi, Mungu awape kheri, waliishika ile pua wakaishusha. Nazi tukazihamishia katikati. Nikabonyeza mkono. Ta! Nikafunga kioo cha pili na kuizunguka karavani mara mbili, nikiikagua. Na mama mkwe akapanda mbele bila kuuliza. Tukazungumza mpaka Malindi, kwa mara ya kwanza katika umri wangu, na nawaambia, yule mama ni mcheshi.

Saa tisa bwana afya akafika. Akapima kuta, akafungua mfereji, akachungulia chini ya beseni. Bi Rukia akamletea hamri la moto. "Kula, baba. Wewe ndiwe uliyenimwagia maji."

Akala mawili. Kisha akaandika, akagonga muhuri, akampa Mwanaidi, naye akasoma kwa sauti huku machozi yanamtoka. Kibali kimetolewa! Nikamkumbatia. Akaendelea kusoma. Chini kabisa kuna sharti moja, kwa wino mwekundu: karavani hii isivutwe tena na mume wa mwenye kibali.