Mke Wangu Ameanza Kuniamini Nikisema Hapana

Nordhaven, Minnesota
Jumatatu, 12 Februari

Kwa Bibi Marlys Engebretson, Mhariri wa gazeti letu la kila Alhamisi.

Mheshimiwa Bibi Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile bomba la ofisini kwako lililopasuka kwa baridi limeshazibwa. Kwetu si haba. Leo ni nyuzi ishirini chini ya sifuri, lakini upepo hakuna, kwa hiyo hatuna la kulalamikia. Ninalo moja dogo tu, na niwie radhi kwa kukupotezea muda.

Nimelisoma gazeti hili miaka hamsini bila kuliandikia hata mstari mmoja. Hata siku ile mlipochapa habari ya harusi yangu mkaandika kwamba nimefunga ndoa na mpambe wangu, Bwana Delmar Quist, nilinyamaza. Delmar naye alinyamaza. Ni jirani yangu mpaka leo na hatujawahi kulizungumza.

Ninachokilalamikia ni safu yenu iitwayo "Watafiti Wamegundua." Zamani niliipenda. Ndiyo iliyotuletea yule bata mzinga aliyeingia benki akapanga foleni, na yule mama wa Ohio aliyekuwa akimwandalia chakula cha jioni mwanasesere wa mwimbaji anayempenda. Habari kama hizo hazina madhara, maana zinawahusu watu wa mbali. Lakini tarehe 18 Januari mliandika kwamba wanasaikolojia wa huko California wamegundua kuwa mtu anayesema waziwazi anachotaka, na kuamini wenziwe wanachomwambia, huishi miaka tisa zaidi. Mke wangu Ardis aliikata habari hiyo kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa friji. Naomba nikueleze kwa mpangilio yaliyofuata.

1. Kahawa. Wewe ni mzaliwa wa hapa, kwa hiyo sikufundishi. Mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Akikukaribisha tena, unamwambia asijisumbue. Mara ya tatu unasema, basi, kidogo tu, kama ipo tayari. Babu zetu walivuka bahari na adabu hiyo na haijamuua mtu. Sasa asubuhi iliyofuata Ardis akaniuliza, "Kahawa, mume wangu?" Nikamjibu kama mtu aliyelelewa, "Aa, usijisumbue." Akasema, "Haya," akaimwaga kwenye sinki. Nikangoja aniulize tena. Niliingoja mara ya pili siku kumi na nane. Nilijaribu kukaa karibu na birika. Nilijaribu kusema, huku nikitazama dirishani, kwamba nasikia kuna watu wanaokunywa kitu cha moto asubuhi. Akanijibu, "Wana raha zao." Utaniuliza kwa nini nisijichemshie. Bibi Mhariri, mwanamume anayejichemshia kahawa mbele ya mkewe ni kama amemwambia kwamba hamjali mumewe, na mimi sikutaka kuanzisha ugomvi.

2. Kipande cha mwisho. Kila mtu aliyewahi kula katika ukumbi wa chini wa kanisa letu anajua kwamba kipande cha mwisho cha keki hakina mwenyewe. Kinakatwa nusu, halafu nusu ya nusu, mpaka mama wa zamu anakiondoa kwa ncha ya kisu kikiwa saizi ya punje ya mtama. Jumapili ile Ardis alikinyanyua kizima, akauliza kwa sauti, "Jamani, kuna anayekitaka hiki?" Watu arobaini waliokuwa wakikitaka wakasema hapana. Akakila. Mchungaji alikuwa amekikodolea macho tangu sala ya kubariki chakula, na mahubiri yake ya wiki iliyofuata yalikuwa makali kuliko kawaida.

3. Delmar Quist. Delmar alikuja kututembelea. Ilipofika saa kumi na moja alijipiga mapaja kwa viganja akasema, "Haya bwana, nadhani niwaache mpumzike." Wewe na mimi tunajua kwamba huo ni mwanzo wa kuagana. Baada ya hapo kuna dakika ishirini za kusimama karibu na kiti, ishirini mlangoni, na nyingine kwenye dirisha la gari, ambako ndiko mtu husema kilichomleta. Ardis alimletea koti. "Kwaheri, Delmar, asante kwa kuja," akafunga mlango. Nilimwona kupitia dirisha akiwa kwenye ngazi, kiatu kimoja hakijafungwa kamba, akiutazama mlango wetu. Mpaka leo sijui alikuja kusema nini. Nimesikia kwa watu kwamba anapelekwa hospitali kupasuliwa.

4. Hili ningependa lichapwe kwa herufi ndogo. Jumatatu iliyopita Ardis alikuwa akikausha sahani. Akaweka kitambaa chini akaniuliza, "Orville, unanipenda?" Miaka arobaini na minne ya ndoa, hajawahi kuniuliza. Nilifikiri sana, maana jambo lenyewe ni zito, nikampa sifa kubwa kuliko zote nilizonazo. Nilimwambia, "Si mbaya."

Bibi Mhariri, nilisema maneno hayohayo binti yetu alipozaliwa. Niliyasema mwaka tuliovuna ngano mpaka maghala yakakataa. Juu ya hapo kwetu hakuna neno! Tena nilikuwa na akiba: angeuliza mara ya pili ningemwambia sina malalamiko, na mara ya tatu ningelisema neno lenyewe, Mungu ni shahidi wangu, lilikuwa limeshafika kooni. Kuuliza si ujinga, wahenga hawakukosea, lakini kuuliza mara moja tu ni ukatili. Ardis aliniangalia kidogo, akasema, "Nimekusikia," akaendelea na sahani.

Kesho yake alifunga begi dogo. Mlangoni akaniambia, "Nimekuuliza nilichotaka kujua, nikaamini ulichonijibu. Naenda Fargo kwa dada LaVonne. Unataka nibaki?" Nikamwambia, "Fanya unavyoona wewe." Akafanya alivyoona.

5. La tano nimelifuta. Lilihusu ukubwa wa kitanda.

Kutokana na hayo, naliomba gazeti lako, bila kulishurutisha, litende yafuatayo. Kwanza, lichape masahihisho kwamba utafiti ule haukuwa sahihi, au kwamba miaka hiyo tisa hutolewa California peke yake, ambako mtu anaweza kukaa nje akaitumia. Pili, kila habari ya saikolojia iwekewe onyo kama dawa ya panya: isiachwe mahali inapoweza kufikiwa na mke. Tatu, liiombe halmashauri ya wilaya itunge sheria kwamba kila swali liulizwe mara tatu, na jibu la kwanza na la pili yasihesabiwe popote, hata mahakamani. Sheria hiyo imbane na polisi anayemkamata mtu. Imbane na mchungaji anayefungisha ndoa, maana mimi mwenyewe siku ile niliulizwa mara moja tu, nikajibu, "Nadhani sawa," na ikapita.

Kama haya yote hayawezekani, basi tuandikieni habari za bata mzinga.

Nisalimie mumeo na mama yako, na wale vijana wa mtamboni, na baba yako, ambaye nasikia nyonga mpya inamtii. Wasalimie pia wote watakaouliza habari zangu, uwaambie kwangu ni salama.

Ni mimi, msomaji wako asiye na malalamiko mengi,
Orville Tvedt

N.B. Bibi Marlys, nimeisoma tena barua hii mezani, na nyumba ni kimya kiasi kwamba nimeisikia sauti yangu nikiisoma. Itupe. Watafiti wale hawakukosea kitu. Badala yake chapa maneno yafuatayo, tena usiyaweke kwenye ukurasa wa barua. Yaweke katikati ya matangazo ya vifo, maana Ardis huanzia hapo, na LaVonne hupata gazeti lako kila Ijumaa:

"Ardis, nakupenda. Nilikupenda kabla hujaniuliza. Nataka urudi nyumbani. Orville."

Kama nafasi ni finyu wiki hii, si lazima. Hapana. Ni lazima.